Mvuke Ukishazungusha Mtambo, Huenda Wapi?

Tangu nistaafu, swali ninaloulizwa zaidi, na wanafunzi wa vyuo vikuu na hata na majirani, ni kama umeme wa jotoardhi ni safi kweli au ni sifa za matangazo tu. Huwa sijibu kwa ndiyo wala kwa la. Nishati hii inaweza kuwa safi kuliko nyingi tunazozijua, na inaweza pia kumuua mtu mzima kwa dakika chache, na tofauti baina ya hali hizo mbili haitokani na joto lililoko chini ya ardhi bali na namna mhandisi anavyolijibu swali moja la kila siku: hiki tulichokitoa huko chini, kikishamaliza kazi yake, kinakwenda wapi? Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita nikilijibu swali hilo katika eneo la Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, kwanza nikiwa mhandisi wa visima na baadaye nikishughulikia udhibiti wa mazingira, kisha nikawa naitwa kushauri kwingineko.

Nilifika huko katikati ya miaka ya 1980, nikiwa na shahada ya uhandisi wa mitambo na uzoefu usiozidi karakana ya chuo. Kituo cha kwanza kilikuwa kimekamilika: mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, wa pili ukafuata 1982 na wa tatu 1985, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 15. Waliotutangulia kazini walitusimulia kwamba safari yenyewe ilianza mwaka 1956, pale visima viwili vya majaribio vilipochimbwa visitoe mvuke wa maana, shughuli ikalala hadi miaka ya 1970 ambapo serikali na Umoja wa Mataifa waliifufua. Tulizoea kujisifu kwamba sisi ndio wa kwanza Afrika nzima, lakini wasomaji wangu wa Katanga wana haki ya kunikumbusha Kiabukwa, ambako mtambo mdogo wa maji ya moto ulizalisha umeme katika miaka ya 1950.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona kazi hii, inafaa nieleze kwa ufupi inavyokwenda. Visima huchimbwa hadi kina cha kilomita moja, mbili, na siku hizi hata tatu, kwenye miamba ambayo joto lake huweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Kinachopanda juu si mvuke mtupu, bali ni mchanganyiko wa mvuke, maji ya moto na gesi. Mchanganyiko huo huingia kwenye pipa kubwa la chuma liitwalo kitenganishi, ambamo maji huanguka chini na mvuke hutoka peke yake kwenda kuizungusha turbini. Mvuke uliokwisha kazi huingia kwenye kondensa na kugeuka maji, na maji hayo hupozwa kwenye mnara, ambako sehemu kubwa yake hupotea hewani na kuonekana kwa mbali kama wingu jeupe. Wageni wengi hulipiga picha wingu hilo wakidhani ni moshi. Wingu lenyewe halina neno; mambo yanayohitaji kuangaliwa ni yale ambayo kamera haiyaoni, yaani maji yaliyobaki kwenye kitenganishi, maji yaliyobaki kwenye mnara wa kupoza, na gesi ambazo kondensa haiwezi kuzigeuza maji.

Siku zile kazi ya mazingira haikuwa na meza yake. Sampuli zilichukuliwa na wanakemia, kelele zilipimwa na yeyote aliyekuwa na kifaa, na taarifa ziliandikwa kwa sababu wafadhili walizitaka. Sheria ya usimamizi na uratibu wa mazingira ya Kenya ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za tathmini ya athari zikatoka 2003. Kabla ya hapo tuliongozwa zaidi na dhamiri na masharti ya mikopo. Jambo moja lililotusukuma mapema ni kwamba mwaka 1984 serikali ilitangaza Hell's Gate kuwa mbuga ya taifa, na kituo chetu, kilichoitangulia mbuga hiyo kwa miaka mitatu, kikajikuta kimezungukwa na pundamilia na twiga wenye ulinzi wa kisheria. Nimewahi kusikia wanaharakati wakisema kwamba mitambo iliivamia mbuga. Kwa kituo cha kwanza hiyo si kweli, ingawa kwa upanuzi uliofuata hoja yao ina uzito wake.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Maji haya yamekaa ndani ya miamba ya volkano yakichemka chini ya shinikizo kubwa, na yamebeba kila ambacho joto liliweza kukiyeyusha: chumvi, silika, boroni, arseniki na, kinachotugusa sana sisi wa Bonde la Ufa, floridi. Aliyekulia Nakuru, Gilgil au Naivasha anayajua meno ya kahawia, na hayo yametokana na visima vya kawaida vya kunywa. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na maji yanayotengwa na mvuke hukipita kiwango hicho mara nyingi sana. Miaka ya zamani desturi ya sehemu nyingi duniani ilikuwa kuyaelekeza kwenye mabwawa ya wazi ili yapoe, mengine yawe mvuke na mengine yanywee ardhini. Huko Wairakei, New Zealand, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1958, maji hayo pamoja na arseniki yake yalimiminwa moja kwa moja kwenye Mto Waikato.

Katika mradi mmoja wa uchunguzi niliokuwa nikiushauri, mzee wa Kimaasai alinikuta ukingoni mwa bwawa nikijaza chupa za sampuli, ng'ombe wake wakiwa nyuma yake wamenyoosha shingo kuelekea majini. Akaniuliza, "Injinia, hii maji ng'ombe wanywe ama wasinywe?" Nikamwambia, "Mzee, wasinywe, ina chumvi ya kuharibu meno na mifupa." Akaitazama chupa yangu, akautazama uzio, ambao ulikuwa na pengo la kumtosha ndama kupita bila kuinama, kisha akasema, "Basi ziba hapo kwanza, hiyo chupa itangoja." Uzio ulizibwa siku ile ile. Tangu hapo, katika kila ratiba ya ukaguzi niliyoiandika, safu ya kwanza ilikuwa hali ya uzio na utando wa plastiki wa bwawa, na vipimo vya maabara vikafuata chini yake. Maabara itakuambia kwa usahihi wa kupendeza jinsi maji yalivyo mabaya, lakini haitamzuia ndama.

Jibu la kudumu la maji ni kuyarudisha yalikotoka, kupitia visima vilivyochimbwa au kutengwa kwa kazi hiyo. Watu hudhani hilo hufanywa kwa ajili ya usafi peke yake. Ukweli ni kwamba hifadhi ya chini, yaani akiba ya maji ya moto na mvuke iliyo ndani ya miamba, nayo inayahitaji, kwa sababu ukitoa tu bila kurudisha, shinikizo hushuka, visima hudhoofika na ardhi yenyewe yaweza kudidimia. Wairakei kuna mahali ambapo ardhi imeshuka kwa mita zipatazo 15 tangu uzalishaji uanze, na chemchemi za kuruka zilizokuwa zikiwavutia watalii kwenye bonde la jirani zilikufa. Huko The Geysers, California, uzalishaji wa mvuke ulifika kilele mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaanza kuporomoka, na dawa iliyopatikana ikawa kuvuta majitaka yaliyosafishwa ya miji ya karibu na kuyasukuma ardhini. Mabomba ya Lake County yalianza 1997 na yale ya jiji la Santa Rosa 2003. Kwa hiyo huko uchafu wa mji mmoja ulipata pa kwenda na mtambo wa mji mwingine ukapata mvuke, na sijui mfano mwingine katika taaluma yetu unaoonyesha vizuri zaidi kwamba idara ya mazingira na idara ya uzalishaji zinapaswa kukaa chumba kimoja.

Kwetu, kituo cha pili cha Olkaria kilipoanza mwaka 2003, kurudisha maji ardhini kulikuwa sehemu ya mchoro tangu mwanzo, na maji yalirudishwa yakiwa bado ya moto. Hapo kwenye "bado ya moto" ndipo ulipo ufundi wenyewe. Maji yenye nyuzi 250 na zaidi huyeyusha silika nyingi, na yakipoa hushindwa kuishikilia, ikaganda kwenye kuta za mabomba mithili ya ukoko chini ya sufuria ya wali, tofauti ikiwa ni kwamba ukoko huu hung'olewa kwa nyundo na patasi. Kwa miaka mingi niliweka ofisini kipande cha bomba kilichokatwa, upana wake wa nje ukitosha kuingiza kichwa cha mtoto na tundu lililobaki katikati likipitisha ngumi kwa shida, ili kila mhasibu aliyekuja kuniuliza kwa nini hatuyaachi maji yapoe kwanza apate kulishika kwa mikono yake. Ukiyarudisha ya moto, silika hubaki imeyeyuka hadi yafike chini. Yale ya mnara wa kupoza, ambayo hayana silika nyingi, yana visima vyake vya baridi.

Swali linalobaki ni la mahali. Kisima cha kurudishia kikiwa karibu mno na visima vya uzalishaji, maji yaliyopoa hupita kwenye nyufa za miamba na kuvifikia visima hivyo kabla hayajapata joto la kutosha, nawe unajikuta unakizima kisima kizuri kwa mkono wako mwenyewe. Kikiwa mbali mno, shinikizo la hifadhi halipati msaada wowote. Ili kujua nyufa zinaelekea wapi, tulikuwa tukimimina rangi ya fluoresini, ya kijani inayong'aa, kwenye kisima kimoja na kuitafuta kwenye visima vingine kwa wiki na miezi, sampuli baada ya sampuli. Tulikuwa tukiketi mezani, ramani ya nyufa imetandazwa, mwanajiolojia akishikilia kwamba rangi lazima itatokea kaskazini na mhandisi wa hifadhi akiapa kwamba itatokea mashariki. Mara nyingine haikutokea popote, na hapo ulianza ubishi mpya, kwa kuwa rangi ile huvunjikavunjika yenyewe kwenye joto kali, hivyo kutokuonekana kwake hakuthibitishi kwamba njia haipo.

Nije kwenye gesi. Sehemu kubwa ya gesi inayotoka na mvuke ni kaboni dayoksaidi, na kiasi chake kwa kila uniti ya umeme katika Olkaria ni sehemu ndogo tu ya kile kinachotolewa na kituo cha makaa ya mawe. Inayofuata ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ni chache kwa kipimo lakini ndiyo inayoogopwa, na inastahili. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chini kabisa ya sehemu moja katika milioni. Kikomo cha kawaida cha kazini ni sehemu 10 katika milioni. Ikifika kama 100, mishipa ya kunusa huzimika na mtu huacha kuisikia kabisa, ikifika mamia kadhaa inaua, na ikikaribia 1,000 mtu huanguka baada ya pumzi moja au mbili. Isitoshe, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia mashimoni, na kila kisima chetu kina shimo la zege linalozunguka kichwa chake, lenye kina cha kumficha mtu, ambamo ndimo zilimo vali zinazohitaji kukaguliwa.

Saa mbaya zaidi ni alfajiri, bonde likiwa na baridi na upepo haujaamka. Nikiwa kwenye mradi mmoja nje ya nchi, nilisimama juu ya shimo la namna hiyo pamoja na fundi mzoefu aliyekuwa na haraka ya kumaliza zamu yake. Tulipofika harufu ilikuwa kali. Baada ya dakika chache akaniambia kwa furaha, "Harufu imeisha, injinia, tushuke." Katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia sentensi ya kutisha kuliko hiyo. Nilimshika mkono, tukateremsha kipimo kwa kamba, na king'ora chake kikaanza kulia kabla hakijafika nusu ya kina. Fundi yule hakuwa mzembe; alikuwa na uzoefu wa miaka, na uzoefu wake wote ulimwambia aiamini pua yake. Ndiyo maana mafunzo ya gesi niliyoyaendesha baadaye niliyaanza kila mara na mafundi wakongwe, si vibarua wapya, kwa sababu kibarua mpya anaogopa bila kuambiwa.

Kwenye kituo chenyewe, njia inayotumika sana ni kuipeleka gesi hiyo kwenye feni za mnara wa kupoza, ili hewa nyingi yenye joto iinyanyue juu na kuichanganya kabla haijashuka kwa watu. Hiyo ni kutawanya tu, gesi yenyewe inabaki, na ni lazima vipimo viwekwe kwenye makazi ya wafanyakazi, mashamba ya maua na vijiji vya jirani ili kuthibitisha kwamba imetawanyika kweli. Gesi hii pia huila shaba na madini ya fedha, hivyo nyaya na swichi za vyumba vya udhibiti hugeuka nyeusi na kuanza kukosea. Katika kampuni moja ambayo sitaitaja, fedha za kuchuja hewa ya chumba cha swichi zilipatikana kwa muda mfupi, ilhali maombi ya vipimo vya mfukoni kwa wafanyakazi wa visimani yalizunguka ofisi hadi mwaka wa fedha ukaisha.

Mengi ya haya nilisomeshwa Reykjavik, kwenye mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi ambayo Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianza kuyaendesha huko Iceland mwaka 1979, na ambayo yamepokea Wakenya wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Unafungua bomba la kuogea na maji ya moto yananuka salfa kidogo, na hakuna anayeshtuka. Baadaye nilifuatilia kwa karibu waliyofanya kwenye kituo chao cha Hellisheiði: mwaka 2012 walianza kuyeyusha kaboni dayoksaidi kwenye maji na kuisukuma ndani ya miamba ya basalti, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyosukumwa kwenye jaribio hilo iligeuka kuwa madini ya mawe katika muda usiozidi miaka miwili. Tangu 2014 haidrojeni salfaidi nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Kituo hicho hicho kilipoongeza kurudisha maji upande wa Húsmúli mwaka 2011, mitetemeko ya ardhi iliwafikia wakazi wa mji wa karibu, nao hawakufurahi. Vijana wetu hunitumia makala za Hellisheiði wakiuliza kwa nini hatufanyi vivyo hivyo kesho asubuhi. Basalti ina kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, ambazo ndizo zinazoshikana na kaboni. Hifadhi ya Olkaria iko zaidi kwenye trakaiti, na juu yake kuna riolaiti, mawe yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo. Sisemi haiwezekani. Nasema mwamba haujui Kiaislandi, na vipimo vya kwetu lazima vifanywe na sisi, kwenye mawe yetu.

Kelele niizungumze kwa ufupi. Kisima kipya hupimwa kwa kuachiliwa kivume, na kikiachiliwa wima bila kitu cha kukizuia, mngurumo wake hupenya vizibo vya masikio na kutikisa mbavu. Kipimo chenyewe hutumia mbinu iliyobuniwa na Russell James wa New Zealand, ya kusoma shinikizo kwenye mdomo wa bomba na kimo cha maji kwenye sanduku la chuma lenye mwanya wa umbo la V, na kwa bahati nzuri mbinu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi mtiririko ukipitia kwenye mapipa makubwa ya kupunguza sauti, kwa hiyo usahihi wa kipimo na utulivu wa jirani vinakwenda pamoja. Kwetu jirani mwenyewe alikuwa tumbusi wa Rüppell, ambaye hutaga kwenye majabali ya Hell's Gate, na tulijitahidi kutofungua kisima kilicho karibu na majabali hayo wakati makinda yangali kiotani. Nguzo za umeme ni tishio kwake kuliko kelele, kwa maoni yangu, lakini kelele ndiyo iliyozungumzwa zaidi mikutanoni kwa kuwa kila mjumbe aliisikia.

Twiga alituletea suluhisho lililonipendeza kuliko mengine yote. Bomba la mvuke likipata joto hurefuka, hivyo kila baada ya umbali fulani lazima lipewe kona ili lipate pa kujikunja lisipasuke. Kwa kawaida kona hizo hulazwa chini, kwa sababu ni rahisi kuzijenga na kuzikagua. Mabomba yalipoanza kukata njia za wanyama, baadhi ya kona zikasimamishwa wima, bomba likapanda juu na kushuka tena, na chini yake pakabaki mlango mrefu ambao twiga anapita bila kuinama. Gharama ya ziada ilikuwa ya chuma cha nguzo tu, kwa kuwa kona ingejengwa vyovyote vile. Mabomba mengine yakapakwa rangi za udongo na majani ili yasimwumize macho mgeni wa mbugani. Ingekuwa tumeambiwa baada ya bomba kukamilika, tungedai haiwezekani, na tungekuwa na mahesabu ya kuthibitisha.

Upanuzi mkubwa ulikuja baadaye, ukisukumwa kwa sehemu na kumbukumbu ya ukame wa 1999 na 2000, ambapo mabwawa ya Mto Tana yalikauka kiasi cha nchi nzima kugawiwa umeme kwa zamu, wakati visima vya Olkaria havikujua kama kuna mvua au jua. Mwaka 2014 kituo cha nne kilianza, megawati 140. Ili kukipisha, familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishiwa makazi mapya yaitwayo RAPland. Mwaka huo huo baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwenye Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakitaja waliosahauliwa kwenye orodha, hati ya ardhi iliyochelewa, barabara mbovu na riziki walizoziacha walikotoka. Upatanishi ukafanyika na makubaliano yakafikiwa 2016.

Sikuwa mhusika wa uhamisho huo, nami nauzungumza kama mtu aliyesoma yaliyochapishwa. Lakini nilikaa kwenye mikutano mingi ya kuhamisha watu katika miradi mingine, na nilichokiona ni kwamba wahandisi tulikuwa na kipimo cha kila kitu isipokuwa hicho. Kwa gesi tulikuwa na kikomo, kwa maji tulikuwa na jedwali, kwa kelele tulikuwa na desibeli. Kwa mama aliyekuwa akiuza shanga kwa watalii mita mia chache kutoka nyumbani kwake, na sasa anatakiwa kupanda pikipiki kwenda na kurudi, tulikuwa na idadi ya vyumba vya nyumba yake mpya. Nyumba ilikuwa bora kweli. Sikuwahi kuona fomu iliyouliza nauli.

Yapo pia mabaki yaliyopata kazi. Shamba la maua la Oserian, jirani na Olkaria, limetumia joto la kisima kupasha nyumba zake za kuoteshea waridi usiku, ili kupunguza unyevu unaoleta ukungu wa majani, na gesi ya kaboni ya kisima hicho ikalisha mimea mchana. Eburru, upande wa pili wa ziwa, wakazi walitangulia wahandisi wote: mlimani ambako hakuna mto, hukinga mvuke wa ardhini kwa mabomba, ukapoa ukawa maji ya kunywa, na mvuke huo huo umetumika tangu enzi za wakoloni kukausha pareto. Nilipowapeleka wanafunzi huko, walipiga picha mashine ndogo ya umeme iliyopo, nami nikawa nawavuta mkono waende kulitazama pipa la bibi mmoja lililokuwa likidondokewa na maji, tone baada ya tone, kutoka bomba lililochomekwa kwenye shimo la mvuke.

Siku hizi, jotoardhi ikiwa inatoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, na Watanzania nao wakiwa na kampuni yao ya taifa ya jotoardhi tangu 2013, naitwa kwenye warsha kuzungumza na wahandisi watakaochimba Mbeya, Menengai na kwingineko. Wao huniuliza kuhusu turbini, nami huwarudisha kwenye visima vilivyozeeka. Kisima kisichotoa tena mvuke wa kutosha chaweza kufanywa cha kurudishia maji au cha kupimia shinikizo, lakini vingine havifai kwa lolote, na kadiri miaka inavyopita mabomba ya chuma yaliyozamishwa na kushikiliwa kwa saruji huliwa na kutu karibu na uso wa ardhi, ambako hewa, maji na gesi hukutana. Kisima cha namna hiyo kinatakiwa kipozwe, kijazwe saruji kutoka chini kwenda juu na kufungwa kabisa, kazi inayotaka mashine ya kuchimbia irudi mahali ambapo hakuna hata uniti moja ya umeme ya kuilipia. Katika bajeti za uchimbaji zilizopita mezani kwangu, niliona fungu la barabara, la mafuta ya dizeli, la chakula cha wafanyakazi, hata la sherehe ya kuwasha mtambo. Fungu la kufunga kisima niliona mara chache, na nilipoliona lilikuwa la kwanza kukatwa. Kwa hiyo kwenye warsha ya mwisho niliwaomba waliohudhuria kitu kimoja tu, nacho ni kwamba bei ya saruji ya kukifunga kisima iandikwe kwenye ukurasa ule ule wenye bei ya kukichimba, na fedha hizo ziwekwe kando kabla mashine haijapelekwa kiwanjani. Mmoja wao aliuliza nani atakubali kutia sahihi ukurasa huo, na tulitumia alasiri yote iliyobaki kulijadili hilo.